Wakati Umati Unaelekea Kaskazini

Kila mwaka, tarehe 20 Desemba ikishapita, Kituo cha Mabasi cha Magufuli pale Mbezi, Dar es Salaam, hakipitiki. Magunia ya mchele, televisheni zilizoviringishwa kwenye mablanketi, ndoo za mafuta ya kula, watoto waliovalishwa masweta huku jua la Mbezi likiwachoma: vyote hivyo safari yao ni Moshi na Arusha. Wachagga wanakwenda kuhesabiwa, ndivyo utani wa makabila mengine unavyosema, na wao wenyewe wameuzoea hadi wanausema kwa kujigamba. Huko kihamba, shamba la ukoo, kinawasubiri. Ukoo unakutana, mnyama anachinjwa, kesi ya mpaka wa shamba iliyolala tangu Desemba iliyopita inaamshwa. LATRA, mamlaka inayosimamia usafiri wa ardhini, hutoa vibali vya muda kwa magari ya ziada, na bado watu wanalala kituoni. Hata treni ya Dar es Salaam hadi Moshi, iliyokuwa imekufa kwa zaidi ya miaka 20, ilifufuliwa Desemba 2019, mwezi ambao hakuna treni inayoweza kukosa abiria.

Wimbi la pili linavuka bahari kwenda Unguja. La tatu liko Kenya, ambako tangu mwaka 2017 treni ya Madaraka inawateremsha watu wa Nairobi hadi Mombasa, na wiki ya mwisho ya Desemba tiketi zake hugombaniwa kama za fainali ya mpira.

Hayo yote ni mema. Mtu ana haki ya kumwona bibi yake, na ana haki ya kucheza muziki mchangani hadi alfajiri. Ila yupo mwingine, ambaye mwaka mzima amekuwa akisikiliza honi za daladala na jenereta la jirani, na sasa anachotaka ni siku nne tu za kusikia mvua ikinyesha. Mtu huyu mara nyingi hukosea kwa kudhani kwamba utulivu hununuliwa. Analipia chumba ghali Nungwi au Diani, na saa sita usiku wa tarehe 31 anagundua kuwa fataki za hoteli ya bei kubwa zinapasua masikio sawasawa na za bei ndogo. Kinachomwondolea mtu kelele ni kujua umati unaelekea wapi, kisha akageuza shingo. Na akishageuza shingo, ajue Desemba ina tabia gani huko anakokwenda: mvua yake, upepo wake, na mwezi wake wa angani.

Basi aanze kwa kugeukia kusini.

Barabara kuu ya kwenda Mbeya, ukishaipita Makambako, inafika mji mdogo wa Chimala chini ya mlima. Kutoka hapo njia inapanda kwenda Matamba, wilaya ya Makete, kwa kona zaidi ya 50, moja juu ya nyingine, na abiria wa upande wa dirishani anaiona barabara aliyoipita dakika kumi nyuma ikiwa imelala chini ya miguu yake. Juu ndiko Kitulo. Ni uwanda ulioinuka kiasi cha mita 2,600 kutoka usawa wa bahari, katikati ya milima ya Kipengere, Uporoto na Livingstone, na wenyeji wanauita Bustani ya Mungu. Mwaka 2005 ulitangazwa kuwa hifadhi ya taifa, ya kwanza katika Afrika ya tropiki kutengwa hasa kwa ajili ya mimea yake. Hakuna simba wa kumwonyesha mgeni. Kuna maua.

Na maua hayo, kwa bahati ya pekee, huanza kuchanua wakati huohuo watu wanapohesabu siku za mwisho za mwaka. Mvua za Novemba zikishaloweka udongo, uwanda unabadilika rangi wiki baada ya wiki, hadi Aprili. Aina za mimea zilizohesabiwa huko zinafika 350 hivi, na kati yake zaidi ya 40 ni okidi. Anayetazama kwa mbali anaona nyasi zenye madoa ya njano, nyeupe na zambarau. Anayepiga magoti anaona kitu kingine: okidi moja ndogo, shina lake halizidi kimo cha kiganja, kila ua lina mdomo wake uliochongoka, na ndani ya mdomo huo amejificha mdudu ambaye amekuja kwa shughuli zake. Kwa kuwa hakuna tembo wala simba, hifadhi hii hutembelewa kwa miguu, jambo ambalo mbuga nyingi maarufu haziwezi kumpa mgeni. Angani kuna mbayuwayu wa buluu, ndege anayepungua duniani, ambaye huja uwandani hapo msimu wa mvua kutaga na kulea.

Historia ya hifadhi hii ina mambo ya tumboni pia. Viazi vya okidi hizo huchimbwa, na nchini Zambia hupondwa na karanga na kupikwa kuwa chakula kiitwacho chikanda, kinachopendwa sana. Biashara ilipokua, okidi zikaanza kuvushwa mpaka kwa mamilioni kila mwaka, kwa makadirio ya watafiti, na nyanda zikaanza kubaki na mashimo. Hiyo ni mojawapo ya sababu zilizosukuma Kitulo kulindwa. Katika misitu ya pembeni anaishi kipunji, kima mwenye manyoya marefu ya kahawia, ambaye wawindaji wa Rungwe walimjua kwa jina muda mrefu kabla sayansi haijamtangaza mwaka 2005. Kumwona ni bahati. Wengi wanaokwenda hawamwoni, na ni vizuri mtu akalijua hilo mapema.

Sasa, yapo ya kuvumilia. Desemba Kitulo ni baridi na matope. Usiku ni wa blanketi mbili, asubuhi ni ya ukungu, na gari dogo la mjini litakwama. Mwenye busara anabeba koti, soksi nzito na gambuti, analala kwenye gesti za Matamba, na anapanga kutembea asubuhi kwa sababu mvua hupenda kuja baada ya saa sita mchana. Kiingilio cha Mtanzania ni sehemu ndogo sana ya dola anazotozwa mgeni kutoka nje, ila kinalipwa kwa namba ya malipo ya serikali, si kwa noti langoni. Na huko juu mtandao wa simu una kiburi, kwa hiyo ni afadhali kulipa kabla ya kupanda. Chakula ni viazi mviringo, maharage na maziwa. Pembeni mwa hifadhi kuna shamba la serikali la ng'ombe wa maziwa, na chai ya Makete haina maji mengi.

Mtu wa pwani atasema hiyo ni adhabu, si likizo. Kwake jibu liko chini ya milima hiyohiyo, upande wa pili. Milima ya Livingstone inapoishia, inaangukia Ziwa Nyasa, na kwenye kona ya kaskazini ya ziwa, wilaya ya Kyela, kuna Matema. Kutoka Kitulo hadi hapo mtu anashuka zaidi ya mita 2,000. Wako wanaoshuka kwa miguu, wakiwa na mtu wa kuwaongoza, na hiyo ni safari ya mwenye magoti imara. Wengine wanazunguka kwa gari kupitia Mbeya, Tukuyu na Kyela, katikati ya migomba, chai na kakao. Asubuhi koti, jioni yake kaptula.

Matema ni ufukwe wa maji baridi yasiyo na chumvi, yenye kina kikubwa mno kwa sababu ziwa hili limo ndani ya Bonde la Ufa. Sehemu zake za kina kirefu zinafika mita 700. Milima imesimama wima upande wa mashariki kiasi kwamba asubuhi jua huchelewa kukifikia kijiji kuliko vijiji vya tambarare. Hakuna disko la kutaja. Kuna mitumbwi, kuna usipa walioanikwa, kuna wali wa Kyela ambao harufu yake hutangulia sahani, na Desemba maembe yameiva hadi yanaoza chini ya miti. Wanaotaka kutoka kidogo hukodi mtumbwi kwenda Ikombe, kwa Wakisi, ambako wanawake hufinyanga vyungu kwa mikono bila gurudumu. Vyungu hivyo huletwa kwa mitumbwi hadi soko la Matema siku ya Jumamosi, vimepangwa na kukingwa kwa nyasi, na kutoka hapo husambaa hadi masoko ya mbali ya Mbeya. Anayevinunua kwa ajili ya kupamba sebule na afanye hivyo, wenyeji wanapikia.

Neno moja kuhusu ukimya wa Matema: usiku wa tarehe 31 haupo. Eneo hili lina Walutheri na Wamoraviani tangu wamisionari walipofika mwaka 1891, na mkesha wa mwaka mpya ni wa kwaya. Sauti nne, ngoma, na vigelegele saa sita ikigonga. Hiyo ndiyo kelele pekee, na mtu anayeikimbia hiyo pia, basi na atafute kisiwa.

Kisiwa kipo, na Desemba ndio msimu wake. Kati ya Oktoba na Februari, upande wa magharibi wa Mafia, karibu kabisa na mji wa Kilindoni, papa potwe huja kula juu ya maji. Ni samaki mkubwa kuliko wote duniani. Wengi wanaoonekana Mafia bado ni vijana wa mita sita au saba, na hilo tu linatosha kumfanya mtu ajisikie mdogo. Chakula chao ni uduvi na viumbe wengine wadogo wanaoelea. Wavuvi wa Kilindoni hawakuwa wakimwogopa, na hawakuwa na haja naye sana, ila kwa kuwa dagaa nao hufuata chakula hichohicho, potwe na nyavu hukutana mara kwa mara. Upande wa Kenya wavuvi humwita papa shilingi, kwa yale madoa meupe yaliyomwagika mgongoni, na wana hadithi ya sarafu zilizorushwa kutoka mbinguni.

Kinachotokea majini ni hiki. Mashua inakwenda polepole, nahodha anaangalia maji yanayotikisika tofauti na mawimbi. Injini inazimwa. Mtu anateremka na miwani ya kuogelea usoni, anaona kijani tupu, kisha kijani hicho kinapata kingo: kwanza mdomo, mpana kama mlango na umefunguliwa, halafu mgongo wa madoa unaopita, unapita, unazidi kupita, hadi mkia. Samaki hana haraka wala habari na mtu. Kanuni ni kutomgusa, kutomzibia njia mbele na kukaa mbali na mkia, na nahodha anayewarundika wageni kumi juu ya samaki mmoja anastahili kuambiwa hapohapo kwamba si hivyo.

Zamani Mafia ilikuwa ya wenye nauli ya ndege ndogo au wenye moyo wa kupanda jahazi lililojaa. Siku hizi kuna kivuko, MV Kilindoni, kinachotoka Nyamisati katika wilaya ya Kibiti, kwa hiyo mfanyakazi wa kawaida naye anafika, mradi apange ratiba yake kwa maji na si kwa saa ya ofisini. Kisiwa chenyewe ni cha wakulima wa minazi na wavuvi, na sehemu yake ya kusini na mashariki imo ndani ya hifadhi ya bahari iliyoanzishwa mwaka 1995, ya kwanza Tanzania. Ng'ambo ya ghuba kuna kisiwa kidogo cha Chole, magofu yaliyobanwa na mizizi ya miti, na popo wakubwa wanaoning'inia mchana kutwa kwenye mwembe wakigombana. Ndiyo disko lao.

Anayeelekea huko kwa barabara ya kusini anaweza pia kuendelea hadi Kilwa Masoko na kuvuka kwa mashua kwenda Kisiwani, penye msikiti mkuu na kasri la Husuni Kubwa, urithi wa dunia tangu mwaka 1981. Ibn Battuta aliufikia mji huo mwaka 1331, ukiwa tajiri. Leo mbuzi wanapumzika kwenye vivuli vya kuta zake. Tahadhari moja tu: Mei 2024, kimbunga Hidaya kiliikata barabara ya Lindi vibaya, na tangu hapo dereva wa kusini huulizia mvua kabla hajaulizia mafuta.

Kwa Wakenya waliokwishafika pwani na wamechoshwa na umati, hakuna haja ya kwenda mbali. Juu ya Diani, kwa mwendo mfupi wa gari kupitia Kwale, kuna Shimba Hills, hifadhi tangu mwaka 1968, yenye msitu, maporomoko ya Sheldrick, na palahala, swala mweusi wa pembe zilizopinda nyuma ambaye nchini Kenya hapatikani kwingine. Watu wote wako ufukweni. Juu kuna upepo, na bahari inaonekana kwa mbali, safi, bila muziki wake.

Unguja nayo isihukumiwe yote kwa sababu ya Nungwi. Makunduchi, kusini, ni kijiji kinachopiga kelele zake za mwaka mpya mwezi Julai, kwenye Mwaka Kogwa, kwa kuwa mwaka wa Kishirazi hauna habari na Januari. Huko wanaume huchapana migomba, kibanda huchomwa moto, wanawake huimba nyimbo za kuchambana. Desemba kijiji kimelala. Mgeni anayekwenda huko tarehe 31 hatapata sherehe yoyote, na anayeuliza kwa nini ataambiwa amechelewa miezi mitano.

Hata barabara ile ya kaskazini, yenye msongamano wote ule, ina mlango wa kutokea. Pale Mombo, mabasi yanaponyoosha kwenda Same na Moshi, kuna kona ya kulia inayopanda Usambara, kilomita 33 hadi Lushoto kupitia Soni. Wajerumani waliuita mji huo Wilhelmstal wakaupenda kwa hewa yake. Wasambaa walikuwa wameupenda kabla yao bila kuubadilisha jina. Desemba ni mwezi wa matunda: plamsi, fyulisi na peasi kwenye beseni kando ya barabara, bei ikishuka kadiri jua linavyoshuka. Kutoka Irente mtu anachungulia chini, kiasi cha mita 1,000, na kuona mashamba ya mkonge ya Mazinde yamechorwa mistari, na barabara kuu yenyewe, na juu yake mabasi yanayokimbizana kwenda kuhesabiwa, hayasikiki. Ukungu wa vuli ukiwepo hataona kitu. Itabidi anunue jibini na mkate pale shamba la Irente, asubiri.

Iliyobaki ni Pangani, na huko ndiko kunakohitaji mahesabu zaidi.

Mji wa Pangani uko mdomoni mwa mto wenye jina hilo, kusini mwa Tanga. Boma la zamani, nyumba za mawe zenye milango inayolika na chumvi, minazi, na ng'ambo ya mto kijiji cha Bweni, ambako watu, baiskeli na magari huvushwa kwa pantoni. Hapa ndipo Wajerumani walipomnyonga Abushiri bin Salim tarehe 15 Desemba 1889, baada ya vita vyake vya kupinga utawala wao pwani. Kusini zaidi kuna ufukwe wa Ushongo, mrefu, wenye hoteli chache na wavuvi wengi, na baharini mbele yake kuna Maziwe.

Maziwe kilikuwa kisiwa chenye miti ya mivinje, na kasa walitaga hapo kwa wingi. Mwishoni mwa miaka ya 1970 na mwanzoni mwa 1980 miti iliisha, mchanga ukakosa wa kuushika, na leo kisiwa hiki huonekana maji yanapokupwa tu. Yakijaa, kinazama. Kasa hawakuarifiwa, waliendelea kuja kutaga, na mayai yakawa yanakufa maji, hadi watu wa Ushongo wakaanza kuyachimbua na kuyahamishia ufukweni kwao.

Kwa hiyo anayetaka kuianza Januari kwenye Maziwe lazima atazame mwezi wa angani kwanza. Mwezi ukiwa mpevu au ukiandama, ni siku za bamvua: maji ya pwani hii hupanda na kushuka mita tatu hadi nne, na hukauka zaidi kuelekea saa nne au saa tano asubuhi, saa nzuri kabisa ya kusimama juu ya fungu la mchanga jeupe lililozungukwa na matumbawe. Siku za maji mafu fungu hutoka kidogo tu, na mapema au kwa kuchelewa. Kaskazi nayo inakuwa imeshaanza. Asubuhi ni tulivu, alasiri inapiga, na safari ya kurudi huloanisha mabegi. Manahodha wa Ushongo wanayajua haya yote kichwani. Wanayemcheka ni mgeni anayefika saa nane mchana akitaka apelekwe kisiwani.

Pangani imebaki kimya kwa sababu moja tu: ilikuwa taabu kufika. Hali hiyo inakwisha. Barabara ya lami ya kuunganisha Bagamoyo, Saadani, Pangani na Tanga imekuwa ikijengwa kwa miaka kadhaa, na pamoja nayo daraja la mita 525 juu ya mto, la kuchukua nafasi ya pantoni. Watu wa Bweni wamelisubiri muda mrefu na wana kila sababu. Mama mjamzito anayehitaji hospitali usiku hafaidiki na pantoni yenye mandhari nzuri. Ila basi la Dar es Salaam likishaanza kupita pwani moja kwa moja, Ushongo itakuwa mwendo wa asubuhi moja kutoka Mbezi, na wenye viwanja vya ufukweni wanalijua hilo kuliko mtu yeyote.